Kuhamia kwa mteja wa bosi wako, kifungu kinakubana?

Mkuu, kwa ulivyoeleza uko kampuni ya clearing, ya kushughulikia mizigo hapo bandarini Mtwara, mteja wenu wa korosho anakutaka uhamie kwake, na mkataba unasema ukishaondoka usifanye kazi na mteja wao yeyote miaka miwili Tanzania nzima. Hicho kifungu kusainiwa tu hakitoshi, kikifika kwa hakimu kinapimwa kama kina uzito: muda gani, eneo gani, na mwajiri analinda kitu gani hasa, sasa miaka miwili nchi nzima kwa mtu wa kufuatilia makaratasi ya kontena mimi naona ni kukomoana tu. Ila ingekuwa miezi michache, kwa wateja uliowashughulikia mwenyewe, hapo ungekuwa na kazi ya kujitetea.

Kinachowaponza watu siyo kuhama, ni kubeba vitu. Usijitumie kwenye WhatsApp bei wanazochaji wateja wengine wala orodha ya namba zao, hiyo ni siri ya kampuni hata bila hicho kifungu. Halafu toa notisi kwa maandishi, kwa anayelipwa mshahara wa mwezi sheria ya ajira ya 2004 inataka isipungue siku 28, ukisepa bila notisi wanakukata hela ya hizo siku kwenye stahiki zako.

Na huyo mteja muulize kama mkataba wake na kampuni yenu unamkataza kuchukua wafanyakazi, maana wengi wanacho hicho kipengele na wameshasahau, ikitokea hivyo wamalizane wao kwanza ndo usaini.