Kabla ya kupima Lyme, sema ulikokuwa

Nafanya kazi maabara hapa Mombasa, na kila baada ya muda hutokea mtu dirishani akiuliza kama tunapima ugonjwa wa Lyme. Amesoma kwenye simu: uchovu, viungo kuuma, homa ya kwenda na kurudi. Mimi huanza na swali moja: umesafiri wapi?

Ugonjwa huu una kwao. Jina limetokana na mji wa Lyme, jimbo la Connecticut, Marekani, ambako miaka ya 1970 watoto kadhaa walivimba magoti na madaktari wasijue kwa nini. Bakteria wake, Borrelia burgdorferi na jamaa zake, huenezwa na kupe wa misituni na vichakani, hasa Marekani, Ulaya na sehemu za Asia. Kupe wa ng'ombe wa Kwale si huyo. Kwa hiyo baharia aliyeshuka Hamburg akatembea msituni, au shangazi aliyekaa kwa mwanawe Massachusetts msimu wa joto, namwandikia kipimo. Aliyeishi Likoni miaka yote namrudisha kwa daktari: kuna malaria, dengi, chikungunya na bruselosi za kuulizia kwanza.

Tarehe nayo usiisahau. Kipimo hiki hakimtafuti bakteria mwenyewe, kinatafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupigana naye, nazo huchukua wiki kadhaa kuonekana kwenye damu. Aliyeumwa na kupe juzi akipimwa leo ataambiwa hana, na huenda anao. Ukitoka nchi zenye Lyme ukaota doa linalotanuka siku hadi siku, nenda kwa daktari usingoje majibu ya damu; doa hilo peke yake linatosha kuanzishiwa dawa. Picha za mtandaoni huonyesha doa jekundu kwenye ngozi ya Kizungu. Kwenye ngozi zetu laweza kuwa la kahawia au kama jeraha la kugongwa, na watu hulipuuza.

Damu hupimwa kwa hatua mbili. Ya kwanza ni ELISA, kipimo cha kuchuja kingamwili. Ikitoka chanya, au isipoeleweka, damu ileile hupimwa tena, mara nyingi kwa Western blot, ambayo hutoa mistari, kila mmoja ukionyesha kingamwili dhidi ya protini fulani ya bakteria. Kwa kanuni ya Marekani, IgG, kingamwili zinazokuja baadaye na kudumu, huhitaji mistari 5 kati ya 10. Zile IgM, za mwanzo, hazihesabiki tena ukiwa umeugua zaidi ya siku 30. Nimeletewa karatasi yenye mstari mmoja tu, mwenyewe keshaanza kuulizia dawa!

Na usirudie kipimo ili kujua kama umepona. Kingamwili hubaki miaka baada ya matibabu, utalipa bure.

Sasa, la kwetu. ELISA hiyo inaweza kutoka chanya kwa sababu ya kaswende, au ya homa ya papasi, ambayo bakteria wake ni jamaa wa yule wa Lyme. Papasi ni aina ya kupe; hukaa kwenye nyufa za nyumba za udongo na huuma usiku, mtu amelala. Kipimo cha haraka cha malaria hakimwoni kabisa bakteria huyo. Kama ulilala nyumba ya namna hiyo, homa ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, na ukaambiwa huna malaria, omba utolewe damu wakati homa iko juu, ipakwe kwenye slaidi, na mwambie mtu wa darubini kwamba unashuku papasi.