Kuvuka Mbuga za Nebraska kwa Gari-nyumba: Ushauri kwa Mume na Mke

Kabla mume na mke hawajajadiliana ni miji gani wataitembelea katika nyanda za kati za Marekani, nawashauri wakubaliane kwanza saa ya kusimama. Mimi na mume wangu huondoka mara kunapopambazuka, na ikifika saa nane mchana tunataka gari liwe limeegeshwa, breki ya mkono imevutwa, na chai iko jikoni.

Sababu kubwa ni upepo. Wakati wa kiangazi ardhi ya huko ikishapata joto, upepo huzidi nguvu mchana, na mvua za radi, nyingine za mawe makubwa, hujikusanya alasiri na kuendelea hadi usiku. Gari-nyumba lina ubavu mpana na mrefu, kwa hiyo upepo wa pembeni hulisukuma kuelekea upande wa pili wa barabara, na dereva aliyepambana na usukani kwa saa nyingi hufika akiwa hana nguvu wala subira. Nimeona kwamba magomvi mengi ya safarini huanzia hapo, kwenye uchovu, hata kama maneno yanayosemwa yanahusu ramani au chakula.

Barabara ninayoipendekeza ni ile ya 2 katika jimbo la Nebraska, kutoka Grand Island hadi Alliance, mwendo wa zaidi ya kilomita 400. Sehemu yake kubwa hupita katika Sandhills, vilima vya mchanga vilivyoshikwa na nyasi katika eneo la takriban kilomita za mraba 50,000. Reli huandamana na barabara, na treni ndefu za makaa ya mawe kutoka Wyoming hupita mchana na usiku. Mwenye usingizi mwepesi achague kambi iliyo mbali kidogo na reli. Karibu na Halsey kuna msitu wa miti iliyopandwa kwa mikono, ulioanzishwa mwaka 1902, baada ya profesa wa botania, Charles Bessey, kushikilia kwa miaka mingi kwamba misonobari inaweza kuota kwenye mchanga ule. Laleni hapo. Kivuli ni adimu katika mbuga hizo, na kutembea pamoja chini ya miti ile kunastahili kutengewa siku nzima.

Katika miji midogo, mara nyingi bustani ya mji ndiyo kambi. Utakuta nguzo ya umeme, bomba la maji na sanduku la chuma lenye bahasha: unaandika namba ya gari, unatia fedha, unachana kipande cha bahasha na kukiweka kwenye kioo cha mbele. Bebeni noti ndogondogo, kwa sababu hakuna wa kuwarudishia chenji. Kisha nunueni chakula na mafuta hapohapo mjini, kwani duka moja likifungwa katika miji hiyo, wenyeji hulazimika kusafiri mbali sana kupata mkate. Nasi wasafiri tunalihitaji duka hilo pia; tangi likifika nusu, lijazeni.

Gari linaporudishwa nyuma, mmoja ashuke na kuelekeza kwa ishara za mkono mlizokubaliana mapema, bila kupiga kelele. Dereva asipomwona mwenzake kwenye kioo cha pembeni, akanyage breki papo hapo. Wakati wa kumwaga maji taka, vaeni glovu, anzeni na tangi la choo, kisha fungulieni maji ya sinki na bafu ili yasafishe mpira wa kutolea maji taka. Mtungi wa gesi ufungwe kabla ya kuingia kituo cha mafuta.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba maonyo ya dhoruba ya idara ya hali ya hewa hutaja majina ya kaunti, yaani sehemu za jimbo zilizo kama wilaya. Ukisikia redioni kwamba kimbunga (tornado) kinaelekea kaunti ya Hooker, na hujui kwamba mji wa Mullen uko humo, onyo hilo halikusaidii. Mume wangu huandika majina hayo kwa mpangilio wa njia yetu, Thomas, Hooker, Grant, na kubandika karatasi juu ya redio. Tukifika mji wowote, tunauliza kwanza jengo la kujikinga liko wapi, maana gari-nyumba si mahali pa kubaki kimbunga kikija. Kumbukeni pia kwamba kati ya Thedford na Mullen majira hurudi nyuma kwa saa moja, hivyo thibitisheni onyo limetolewa kwa majira ya upande gani.

Alliance ina Carhenge, magari ya zamani yaliyopakwa rangi ya kijivu na kusimamishwa mwaka 1987 kwa mfano wa Stonehenge, duara la mawe ya kale huko Uingereza. Nendeni asubuhi, mpumzike hapo mjini mchana kutwa, na kesho yake abadilishwe dereva.