Kwa nini Federalist walipinga ununuzi wa Louisiana

Ndugu, unauliza iweje chama cha Federalist cha Marekani, kilichotaka serikali kuu yenye nguvu, kipinge ununuzi wa Louisiana, eneo kubwa la magharibi ambalo Marekani ililinunua kutoka Ufaransa mwaka 1803. Sababu kubwa ni hesabu ya kura. Ngome yao ilikuwa New England, yaani majimbo ya kaskazini mashariki, na kila jimbo jipya la magharibi lingeleta maseneta wawili, ambao walihofia wangekuwa watu wa Rais Jefferson, mpinzani wao. Tena kusini watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu katika kugawa viti vya bunge (kura yenyewe hawakuwa nayo), hivyo utumwa ukisogea magharibi, New England inazidi kumezwa.

Kichekesho kiko kwa Jefferson mwenyewe. Ndiye aliyehubiri kwamba serikali kuu isifanye jambo ambalo katiba haikuliruhusu waziwazi, na katiba haikusema lolote kuhusu kununua ardhi. Alifikiria kuirekebisha kwanza, ila akahofia Napoleon, mtawala wa Ufaransa, asije akaghairi. Basi dola milioni 15 zikatoka, Seneti ikapitisha mkataba kwa kura 24 kwa 7. Wenyeji wa asili wa ardhi hiyo hawakuulizwa.

Hamilton, Federalist mkubwa, aliunga mkono ununuzi. Wenzake ndio hawakusamehe: mwaka 1811 Josiah Quincy wa Massachusetts alisema bungeni kwamba sehemu ya eneo hilo ikifanywa jimbo la Louisiana, muungano ni kama umevunjika. Ikawa jimbo 1812. Kwenye mkutano wao wa Hartford, New England, 1814 hadi 1815, Federalist wakadai jimbo jipya likubaliwe kwa theluthi mbili ya kura za bunge. Vita na Uingereza, waliyokuwa wakiipinga, ikaisha wakati huohuo, wakaonekana wasaliti.