Ukitoka nje ya njia za skii, usifuate alama za waliotangulia

Katika vituo vya skii vya milima ya Alps, walinzi wa mlima hukagua njia zilizoshindiliwa kabla ya kuzifungua, na ikibidi huiporomosha theluji kwa baruti. Vuka nguzo za pembeni hatua mbili tu, na kazi hiyo inakuwa yako, hata kama lifti bado unaiona.

Anza na taarifa ya maporomoko ya theluji ya siku hiyo. Hatari hupimwa kuanzia 1 hadi 5, na namba inayoponza watu ni 3. Kwa kuwa iko katikati, wengi huiona ya kawaida, kumbe siku hiyo uzito wa mtu mmoja unaweza kutosha kuangusha mteremko mzima. Soma pia inataja miteremko ya upande gani na kuanzia kimo gani, kisha uchague upande mwingine.

Halafu pima mwinamo. Maporomoko mengi ya bamba, yaani tabaka la theluji iliyoshikana linalokatika kwa pamoja, huanzia kati ya nyuzi 30 na 45. Laza fimbo yako ya skii juu ya theluji, weka simu yenye programu ya kupimia juu yake, usome. Siku yenye hatari ya namba 3 tunashauri ubaki chini ya nyuzi 30, tena pasiwe na ukuta mkali juu ya kichwa chako, maana bamba linaweza kukatika ukiwa chini yake. Alama za waliotangulia hazithibitishi kitu: bamba huweza kubeba kumi likamwangusha wa kumi na moja, aliyepita karibu na miamba ambako theluji ni nyembamba. Ukisikia kishindo kizito chini ya miguu, au ukiona ufa unakimbia mbele ya skii, geuza.

Kila mtu abebe transiva (kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi ya redio ili kumpata aliyefukiwa), fimbo ya kutafutia yenye urefu wa sm 240 au zaidi, na koleo la chuma. Transiva ikiwa inatuma, simu ikae mbali nayo angalau sm 20. Ikiwa inatafuta, sm 50. Aliyefukiwa hupoteza nafasi ya kupona haraka sana baada ya dakika kumi, kwa hiyo helikopta haiwezi kuchukua nafasi ya wenzake. Fimbo ikimgusa, iacheni palepale. Chimbeni kuanzia upande wa bondeni, umbali wa mara moja na nusu ya kina chake, mkisukuma theluji nyuma.

Kwenye barafuto, yaani mto wa barafu unaosonga polepole, kuna hatari nyingine: nyufa ndefu za barafu. Vallée Blanche ya Chamonix, Ufaransa, huanzia kilele cha Aiguille du Midi, mita 3,842, na kushuka takriban kilomita 20 bila alama wala doria. Nenda na mwongoza milima, na usivue skii unapopumzika, kwa sababu zinatawanya uzito wako juu ya nyufa zilizofunikwa. Mkanda wa kupandia uvae tangu kwenye lifti. Ukishatumbukia bila mkanda, wenzako watateremsha kamba lakini hawatakuwa na pa kuifunga.