Anza na chumba cha injini
Umeuliza kama gari lako la zamani, Datsun 240Z, hapo Nakuru, ianze kupigwa rangi bodi au chumba cha injini. Anza na chumba cha injini, ndugu yangu, na injini itolewe kabisa. Ukiifunika kwa magazeti tu, rangi itarukia kila mahali. Kazi kubwa iko chini ya betri, kwa sababu asidi hula bati hapo. Osha kwa maji ya magadi soda, kwangua kutu mpaka chuma king'ae, halafu piga praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, siku hiyo hiyo. Nyaya zipige picha kabla ya kuzing'oa, na kila moja uipe alama.

Bodi usiikimbilie na msasa. Sugua polishi kidogo mahali pasipoonekana: kitambaa kikishika rangi ya gari, basi rangi hiyo haina vanishi (tabaka angavu la kuikinga) juu, na huenda ikafufuka kwa kusuguliwa tu. Ikibidi kupiga upya, mwagia sakafu maji kwanza ili vumbi litulie. Vumbi letu mnalijua. Na tafadhali, rangi yake ya asili usiibadilishe. Aina hiyo ilishinda Safari Rally 1971 na 1973, inastahili heshima hiyo.