Kabla ya Kupanga Nyumba Ufaransa au Marekani, Tazama Basi Linapita Wapi

Wanaoniomba ushauri kabla ya kuhamia Ufaransa au Marekani huanza na kodi ya nyumba na mshahara. Nimeishi nchi zote mbili, kwanza Paris, baadaye Texas kati ya Dallas na Fort Worth, na mimi huwarudisha kwenye usafiri. Jua kwanza basi linapita wapi na linaisha saa ngapi, ndipo uende kuangalia vyumba. Hata tabia za watu zinazomshangaza mgeni, kama vile namna wanavyotupa taka, utazielewa ukishajua mji wao umepangwaje.

Nianze na hizo taka. Aliyeizoea Paris ya kwenye picha hushtuka kuona vipisi vya sigara vimetapakaa nje ya mikahawa. Faini ipo, euro 135, lakini mvutaji hudondosha kipisi, akakikanyaga, na mazungumzo yakaendelea. Ukikaa utaona jinsi mtaa unavyosafishwa. Asubuhi anapita mfagiaji aliyevaa kijani, anafungua maji pembeni mwa barabara, anayaelekeza kwa kipande cha zulia kuukuu kilichoviringishwa, na maji yanausomba uchafu wa jana hadi kwenye mtaro. Ni maji yasiyo ya kunywa, yenye mabomba yake mbali na yale ya majumbani. Mkazi wa Paris anahesabu kwamba usafi wa mtaa ni kazi ya jiji, na yeye ameshailipia kwa kodi yake. Machi 2023 wazoa taka waligoma kupinga kuongezwa kwa umri wa kustaafu, na marundo mitaani yakafika takriban tani 10,000. Watu waliruka mifuko ya taka wakienda kazini, na wengi niliowasikia waliilaumu serikali kuliko wagomaji.

Texas ni kinyume chake. Huko takataka za barabarani ni aibu ya mtu binafsi. Kutupa kopo dirishani kunaweza kukugharimu faini ya hadi dola 500, na kauli ya "Don't Mess with Texas" (yaani usiichezee Texas, na pia usiichafue), ambayo siku hizi watu huivaa kwenye fulana kwa fahari, ilizinduliwa mwaka 1986 kama kampeni dhidi ya takataka kwenye barabara kuu. Mpango wa vikundi vya kujitolea kutunza kipande cha barabara, ambao sasa umeenea Marekani, nao ulianzia Texas, mwaka 1985. Utaona familia nzima, wazazi na watoto, wamevaa vizibao vya rangi kali wakiokota makopo chini ya jua. Hilo nililipenda sana na nawasihi mlishike.

Ila watu hao hao wamefika pale kila mmoja na gari lake. Mama anayemkemea mtoto kwa kudondosha karatasi ataiacha injini ikiunguruma nusu saa nje ya shule ili kipupwe kisizime. Yule mvutaji wa Paris, naye, anarudi nyumbani kwa metro, treni ya chini ya ardhi, na hana hata leseni. Kwa hiyo sikubaliani na anayesema Wamarekani ni wastaarabu au Wafaransa ni wachafu. Kila upande umefundishwa kuona uchafu wa aina moja. Shirika la Marekani la kupiga vita takataka, Keep America Beautiful, lilianzishwa mwaka 1953, na miongoni mwa waanzilishi wake walikuwamo watengenezaji wa makopo na chupa. Kwa miaka mingi ujumbe wake mkuu ulimwelekea mtu anayetupa kopo, huku aliyelitengeneza akisemwa kidogo.

Wala kutegemea gari au treni si suala la damu. Ufaransa nayo iling'oa reli zake za tramu, zile treni ndogo zinazopita mitaani. Paris iliziondoa kabisa katika miaka ya 1930. Kisha miji ikabadili mawazo: Nantes ikarudisha tramu mwaka 1985, Grenoble 1987, Strasbourg 1994. Marekani yenyewe ilikuwa na mitandao mikubwa ya tramu, wa Los Angeles ukiwa miongoni mwa mikubwa zaidi duniani, kabla ya fedha kumiminwa kwenye barabara kuu kwa sheria ya mwaka 1956. Arlington, kati ya Dallas na Fort Worth, ina watu karibu 400,000 na uwanja wa mpira wa kuingiza maelfu kwa maelfu, lakini haina mabasi ya kawaida ya jiji. Kuna magari madogo ya kuita kwa simu. Wapiga kura wake wamekataa zaidi ya mara moja kutozwa kodi kwa ajili ya usafiri wa umma. Treni ya Dallas na Fort Worth ipo, lakini kwa muda wote niliokaa huko haikuwa ikitembea Jumapili.

Sasa mambo ya kufanya. Ukiwa Ufaransa, usipande bila tiketi, na ukishapanda itunze hadi utoke kituoni, maana wakaguzi hujipanga hata mlangoni mwa kutokea. Basi likija, mpungie dereva mkono, la sivyo anaweza kupita. Ukipanda msalimie, wao hulijali sana hilo. Ukiajiriwa, kumbuka sheria inamtaka mwajiri akurudishie angalau nusu ya bei ya kadi yako ya mwezi ya usafiri. Iangalie kwenye hati ya mshahara, na usipoiona, ulizia. Ninawajua waliokaa bila kuidai kwa sababu hakuna aliyewaambia. Na usidhani Ufaransa yote ni Paris. Vijijini basi ni la kubahatisha, na ndiyo maana kodi ya mafuta iliwasha maandamano ya vizibao vya njano Novemba 2018. Ukipata kazi huko, shughulikia leseni mapema, kwani shule ya udereva inaweza kula zaidi ya euro elfu moja.

Marekani, usisaini mkataba wa nyumba kabla ya kujua shifti yako. Wakongo wengi niliowafahamu Fort Worth walifanya kazi kwenye maghala na viwanda, zamu zikianza saa ambazo basi limelala. Wanaofanikiwa mwanzoni hupanga karibu na mwenzao wa shifti ileile, wakachangia mafuta. Hiyo ni njia nzuri, mradi gari lina bima. Ulizia bila haya. Ukianza kuendesha mwenyewe, jambo la kwanza kulijua ni basi la njano la shule: likiwasha taa nyekundu unasimama, hata kama unatoka upande wa pili wa barabara isiyogawanywa katikati.

Kinachonisumbua zaidi ni aibu. Ukitoa miji michache kama New York, Marekani wanaopanda basi huonekana ni walioshindwa, na sisi wahamiaji wenyewe tumeipokea dharau hiyo. Kwenye harusi na misiba utamsikia mtu akimuuliza mgeni, "Bado unapanda basi tu?" Kwa swali hilo nimeona vijana wakikimbilia mkopo wa gari wenye riba kubwa kwa sababu hawajajenga rekodi ya mikopo, kisha mshahara wote ukaishia kwenye gari. Mdogo wangu, panda basi bila kuinamisha kichwa. Ikikulazimu kununua, jumlisha marejesho, bima, mafuta na matengenezo ya mwezi, kisha tazama kama kiasi hicho kingekulipia nyumba ya bei juu iliyo karibu na treni. Na muuzaji akikutajia malipo ya mwezi peke yake, mwambie akuandikie jumla utakayokuwa umelipa hadi siku ya mwisho. Akikwepa, ondoka.