Filamu ya Teflon inapopasuka ndani ya kihisi

Ndugu, umeuliza kama ni joto lililoharibu filamu ya Teflon kwenye kihisi chako cha mionzi. Sidhani. Ni mionzi ayonisha yenyewe. Ikipita hung'oa elektroni, mnyororo wa polima (molekuli ndefu zinazounda plastiki) unakatika, na ncha zilizobaki wazi hudakwa na oksijeni ya hewani. Minyororo ikishakuwa mifupi, filamu inakuwa kama ganda kavu la kitunguu: ukiikunja tu, imepasuka. Teflon ni dhaifu mno kwa hili. Hewani, kilogrei chache (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) zinatosha kuichosha, na hutoa gesi zenye florini zinazokula nyaya za jirani. Kapton, aina nyingine ya filamu ya plastiki, kwa pete zake za kaboni zinazotawanya nishati bila kuvunjika, huhimili hata megagrei 10, yaani kilogrei 10,000.

Ila usidanganywe na jaribio la haraka, la dozi yote kwa mpigo. Hewani, dozi ileile ikitolewa polepole kwa miezi mara nyingi huharibu zaidi, maana oksijeni inapata muda wa kupenya hadi ndani. Weka Kapton. Hiyo Teflon ya zamani usiichome moto, moshi wake ni sumu.